Nani Atamtembeza Papa Kinyonga

Nimekasirika, na nitaandika hivi hivi nikiwa nimekasirika, maana nikingoja hasira ishuke, mtoto mchanga ataamka na sitaandika chochote.

Papa Kinyonga tumemzika jana. Mji mzima wa Uvira umeweka picha yake kwenye simu. Kila ukifungua, mshumaa. Kila ukifungua, "pumzika kwa amani, gwiji wetu", "mti mkubwa umeanguka". Mti mkubwa! Mtu alikuwa mfupi, mwembamba kama njiti ya kiberiti, akipanda baiskeli yake upepo wa ziwa ulikuwa unamsukuma mpaka ukingo wa barabara. Na hao hao wanaowasha mishumaa ya simu walikuwa wakimpita kule bandarini Kalundu wanaangalia pembeni, kwa kuogopa kwamba akiwaona atawaiga. Sasa amekuwa gwiji. Kwetu ukitaka kuwa gwiji, anza kwanza na kufa.

Nilipopata habari, nilifungua kasha langu la bati nitafute kikwembe, kitenge cha kwenda nacho kwenye kilio. Chini kabisa, chini ya nguo za watoto, mkono wangu ukakuta kikwembe cha bibi yangu, kile cha rangi ya kahawa chenye ndege. Nikakivuta puani. Naftalini kwanza, halafu chini ya naftalini, moshi, na chini ya moshi ndagala, dagaa wetu wa ziwa, wakavu, wa sokoni, ambao hakuna sabuni iliyowahi kuwatoa katika kitambaa kile. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Maana mtu wa mwisho kukivaa kikwembe kile alikuwa mwanaume, na mwanaume huyo ndiye aliyekuwa amelala ndani ya jeneza.

Nyinyi wa rika langu mnamkumbuka. Baiskeli isiyo na breki na megafoni iliyofungwa shingoni kwa kamba ya kiatu. Yeye ndiye aliyetangaza mechi, chanjo ya watoto, boti iliyochelewa, mbuzi aliyepotea. Na hakutangaza kama watu wengine. Akitangaza mbuzi wa mama fulani, alitangaza kwa sauti ya mama mwenyewe, kisha akamalizia kwa sauti ya mbuzi. Ndiyo sababu wakamwita Kinyonga.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kwenye vilio. Siku ya maziko, kabla wanaume hawajanyanyua jeneza, familia ilimwita aje amtembeze marehemu. Aliingia ndani, akapewa nguo za aliyekufa, koti au kikwembe au kofia, akatoka nje akiwa mtu yule. Alimtembeza kati ya watu mara ya mwisho, mwendo wake, sauti yake, tabia zake mbaya zote. Watu walimjibu kama walivyokuwa wakimjibu marehemu akiwa mzima, waligombana naye, walimcheka. Halafu ndipo jeneza likanyanyuliwa. Wazee walisema marehemu aliyeondoka bila kutembezwa ni kama mgeni aliyeondoka bila kusindikizwa mpaka barabarani. Ni aibu ya wenye nyumba.

Mara ya kwanza kumwona, kilio kilikuwa cha jirani yetu Papa Gadi, aliyebadilisha pesa kule mpakani Kavimvira. Papa Gadi hakuamini kitu mpaka akiinue kwenye jua, afunge jicho moja, akitazame pande zote mbili. Hata chapati alikuwa anaiinua. Nilimwona Papa Kinyonga akiingia ndani ya nyumba ile kama Papa Kinyonga. Nilimwona Papa Gadi akitoka. Koti lile lile, jicho lile lile limefungwa. Akaenda moja kwa moja kwa pasta, akamchukulia kitabu cha nyimbo mkononi, akakiinua kwenye jua. Kisha akamshika mkewe mkono, mama aliyekuwa amelia mpaka sauti imekauka, na mkono ule nao akauinua kwenye jua, akaugeuza.

"Hii iko ya kweli?" akauliza.

"Iko ya kweli, mwanaume weye!" mama yule akasema. "Miaka yote hii unanipima tu!" Na akaanza kucheka huku machozi yanashuka, na parsele nzima, ua wote, ikacheka naye.

Baadaye Papa Kinyonga alipewa chakula, akala sahani juu ya sahani.

Mimi mtoto niliyekuwa nimekaa juu ya kinu nikakata kesi mwenyewe. Jambo lilikuwa wazi. Mtu akifa anahamia ndani ya Papa Kinyonga. Ndiyo maana jeneza linafungwa kwa misumari, halina kitu cha kuangalia. Ndiyo maana mtu mwembamba vile anakula vile: wako wengi mle ndani na kila mmoja ana njaa yake. Sikumuuliza mtu yeyote. Sikuogopa hata kidogo. Niliona ni mpango mzuri, tena rahisi. Tangu siku ile, baiskeli yake ikipita kwetu, nilikimbia barabarani nikalisalimia tumbo lake: "Papa Gadi, jambo!" Na yeye, hajui hata kwa nini, alifunga jicho moja akanijibu kwa sauti ya Papa Gadi: "Jambo, mutoto. Uko wa kweli?" Ushahidi gani mwingine ungetaka?

Sasa nifike kwa bibi yangu. Tulimwita Tate, jina ambalo kwetu mjukuu anamwita babu au bibi. Alizaliwa Katogota, bondeni kwenye mihogo na mpunga, na sokoni Uvira kila mtu alimjua kama Mama Katogota wa ndagala. Mimi aliniita muke mwenzangu. Alidai nilizaliwa ili nimnyang'anye bwana. Babu alikuwa amekufa kabla mama yangu hajaolewa, lakini hilo halikumzuia kunionea wivu. Nikila vizuri: "Kula, muke mwenzangu, unenepe, bwana akuone weye, minye aniache nipumzike." Nikijipaka mafuta: "Unaenda kwake?"

Alinisuka yeye peke yake. Aliketi kwenye kigoda barazani, mimi katikati ya magoti yake yaliyonuka samaki, na kabla ya kupasua njia ya nywele alilamba kidole cha kati, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Nikilia alisema, "Vumilia. Uzuri iko na mateso." Na juu ya kifo alikuwa na neno moja tu, alilirudia kila akitoka kwenye kilio cha mtu: "Kufa haiko kitu. Mubaya ni kufa na nywele haijasukwa."

Siku moja alikuwa amemaliza upande wa kulia wa kichwa changu, mistari imenyooka kama mashamba ya bondeni, na mikono yake ikasimama.

"Muke mwenzangu," akasema, "vidole vyangu vinaomba ruhusa kidogo. Upande hii tutamaliza kesho."

Kesho yake walimpeleka hospitali. Na mimi walinipeleka kwa shangazi Kavimvira, na nilipoulizia Tate nilipewa biskuti. Niliporudishwa nyumbani, viti vya plastiki vilikuwa vinarudishwa kanisani na wanawake walikuwa wanaosha masufuria makubwa. Walikuwa wanasimuliana na kupigana makofi mgongoni: "Uliona alivyoshika kiuno? Uliona alivyomfukuza shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa mzima, kwa kugusa-gusa ndagala bila kununua? Njo Mama Katogota yule!"

Wamemtembeza Tate na mimi sipo. Mnaelewa? Wameona wote, hata watu wa kanisa lingine, hata watoto wa jirani wasiojua kupangusa kamasi, na mimi muke mwenzake nilikuwa Kavimvira nakula biskuti.

Mama yangu aliniambia Tate ameenda kwa Mungu. Sikubishana naye, alikuwa na macho mekundu. Lakini nilijua Tate aliko. Alikuwa Kalundu, kwa Papa Kinyonga, pamoja na Papa Gadi.

Ikaja habari ya nywele. Upande mmoja umesukwa, upande mwingine umesimama kama kichaka. Masomo yalikuwa karibu kuanza.

"Kuja nifungue hizi nywele, nisuke kichwa yote upya," mama akasema.

"Hapana. Tate atamaliza."

"Tate hayuko tena."

"Alisema kesho."

Mama akaingia ndani, nikasikia anapangusa pua. Alipotoka alikuwa amekuwa mkali. "Sikia weye. Ukiamuka kesho na kichwa ya hivi, nachukua wembe, nanyoa yote. Sitaki kusikia neno."

Basi nikaona hakuna njia nyingine. Nilikunja kile kikwembe cha ndege, ambacho Papa Kinyonga alikuwa ameshakirudisha baada ya kilio, nikakiweka kwapani, maana mtu anayetoka anahitaji nguo ya kuvaa. Nikaenda Kalundu kumtoa Tate.

Ilikuwa mchana, jua kali. Kwenye bandari walikuwa wanateremsha madumu ya mawese kutoka kwenye boti na wapagazi walikuwa wanatukanana kwa furaha. Nikamuuliza mmoja, mtu mkubwa mwenye gunia kichwani, Papa Kinyonga anaishi wapi.

"Fuata makelele," akasema. Kisha akaniangalia kichwa. "Yesu wangu. Aliyekusuka alikimbia nusu?"

Nilimkuta Papa Kinyonga nyuma ya bandari, kwenye ua mdogo, anakula ugali na samaki mkeke wa kukaanga pamoja na mkewe, mama mnene mwenye sauti kama megafoni yake. Nilifurahi kuona anakula vizuri. Tate alipenda sana mkeke. Nikasimama mbele yake nikalisalimia tumbo.

"Tate, jambo. Minye njo nimekuja. Toka, umalize nywele."

Papa Kinyonga akabaki na tonge hewani.

"Mutoto anasalimia tumbo yako," mkewe akasema. "Nilikuambia unakula sana. Sasa hata batoto banaona."

"Weye mutoto wa nani?"

Sikumjibu. Sikuja kuongea na yeye. "Tate, fanya mbiyo. Mama iko na wembe."

Mkewe akaanza kucheka, lakini yeye hakucheka. Aliweka tonge chini, akaniambia nigeuke, akautazama muda mrefu upande uliosukwa. Akagusa mstari mmoja kwa ncha ya kidole.

"Hii iko kazi ya Mama Katogota," akasema.

Akanawa mikono. Akachukua kikwembe kwapani mwangu, akajifunga kifuani, akaenda kwenye kigoda. Na pale, kati ya hatua moja na nyingine, mkono ukaenda kiunoni, mgongo ukapinda, mdomo ukaingia ndani kwa upande ule ambao Tate hakuwa na meno.

"Muke mwenzangu!" Sauti yake kabisa! "Ulifikiri nimekuachia bwana? Kaa chini, mwizi weye!"

Nilikaa haraka hata nikagonga goti lake. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuiandika. Harufu ilikuwa ileile, kikwembe kilekile, nimefumba macho. Halafu akashika nywele akavuta.

"Ayiii!"

Akavuta tena. Ilikuwa mikono ya mtu wa kukaza minyororo ya baiskeli. Mkewe alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yanaruka.

Nikageuka. "Weye haiko Tate. Tate havutake hivi. Tena hukulamba kidole."

Mgongo wake ukanyooka polepole. Aliporudi kuongea ilikuwa sauti yake mwenyewe, ambayo karibu hakuna mtu aliyewahi kuisikia, sauti ndogo.

"Ni kweli," akasema. "Siko Tate."

"Basi Tate iko wapi? Umemufungia?"

"Sijue iko wapi, mutoto yangu. Minye sibebake mutu mu tumbo. Humu kuko bugali na hii mukeke, basi."

"Na Papa Gadi?"

"Hata Papa Gadi haiko."

Hapo nikalia. Sikumlilia Tate peke yake, niliwalilia wote, nyumba nzima ya watu niliyokuwa nimeiamini imebomoka kwa neno moja. Papa Kinyonga alisubiri. Hakunipa biskuti. Nilipopunguza akasema: "Minye nabaangaliaka batu wakiwa bazima. Njo kazi yangu yote. Kila siku nikipita soko na kinga, hii baiskeli yangu, nilimuangalia Tate yako vile anashika kiuno, vile anatukana bateja. Batu bengi banaanza kumuangalia mutu akiisha kufa. Imechelewa." Akanifuta pua kwa pembe ya kikwembe. "Lakini hiyo ya kulamba kidole, sikuionaka. Juu ya nini sikuiona?"

"Juu anafanyaka akisuka tu."

"Kumbe! Nilimutembeza mbele ya batu yote na nilisahau kidole!" Aliumia kweli, alijipiga paja. "Nionyeshe."

Nikaonyesha. Nilisimama pale uani, kamasi bado ziko, nikashika kiuno, nikaingiza mdomo upande mmoja, nikalamba kidole cha kati taratibu kama mtu anayeonja mchuzi. "Vumilia," nikasema. "Uzuri iko na mateso."

Mkewe akaacha kucheka. "Mungu wangu," akasema. "Mama Katogota huyu hapa."

Nikaona ninaweza. Nikamwamuru Papa Kinyonga, kwa sauti ya Tate, akae vizuri, alambe kidole, amalize kazi. Akalamba kidole. Akamaliza kazi. Sitaki kudanganya: ule upande wa kushoto ulikuwa kama shamba la mihogo ambalo viboko wametoka ziwani wakapita, wakarudi, wakapita tena. Nilijitazama kwenye kioo cha mkewe nikaona ni sawa. Tate aliahidi atamaliza, na kwa namna fulani amemaliza.

Akanirudisha kwetu kwa baiskeli, mimi nyuma nimemshika tumbo, ambalo sasa nilijua halina mtu, na njia nzima alikuwa kwenye megafoni. "Alo, alo, batu ba Uvira! Muke-mwenza wa Mama Katogota amepatikana! Alikuwa Kalundu anasukwa! Mama yake aweke fimbo chini, narudia, aweke fimbo chini!" Mama alikuwa mlangoni na fimbo kweli. Aliponiona kichwa, fimbo ikaanguka yenyewe. Akacheka mpaka akakaa kwenye vumbi, mara ya kwanza tangu kilio, na wembe sikuuona tena. Darasani walinicheka pia. Niliwaambia waende na wao wakasukwe na mwanaume, kama wanaweza.

Sasa rudini na mimi kwenye kilio cha jana, ndipo mtajua hasira yangu imetoka wapi.

Ua ulikuwa uleule wa Kalundu. Turubai, viti, maspika makubwa kama milango. Kulikuwa na moderateri wa kuongoza shughuli, kijana wa suti na miwani myeusi, anayegusa tai yake kila baada ya neno kana kwamba itatoroka. Hotuba zikafuatana. Mheshimiwa mmoja akasema aliishi na marehemu kama pete na kidole. Mama Kinyonga, mjane, sasa mzee, alikuwa amekaa kwenye mkeka na mimi pembeni yake na watoto wangu. Akaniinamia sikioni.

"Mama Riziki, huyu ni nani?"

"Sijui, mama."

"Hata minye."

Mwisho moderateri akasema: "Sasa vijana wakaribie wabebe mwili."

Mama Kinyonga akainua mkono. "Subiri kwanza. Nani atamutembeza bwana yangu?"

Moderateri akagusa tai. "Mama, pole sana. Mambo ile iko ya zamani. Leo kuko bakubwa hapa. Tunaomba heshima."

"Alibatembeza batu ba mji hii yote," mama akasema. Hakupaza sauti. "Yeye aende hivi hivi?"

Wale wote wa mishumaa walikuwa wameinua simu, wanapiga picha za huzuni yao. Papa Kinyonga aliyesindikiza kila mtu mpaka barabarani, yeye apakiwe kama gunia la mihogo kwenye boti. Nikampa jirani mtoto mchanga, nikamwambia Riziki, binti yangu mkubwa, akae hapo hapo, nikaingia ndani ya nyumba.

Mle chumbani hasira ikaniacha, ikabaki hofu. Kofia yake ilikuwa kwenye msumari. Megafoni chini ya kitanda. Mimi si msanii, mimi ninanyonyesha, blauzi yangu ilikuwa imelowa maziwa mbele. Watu wasipocheka, nitakuwa nimemtukana marehemu mbele ya mkewe, na nitaishi Uvira na jambo hilo mpaka na mimi nibebwe. Nikavaa kofia. Nikajiuliza nilimwangalia nini akiwa mzima. Nikakumbuka kofi alilokuwa akiipiga megafoni kila ikigoma.

Nikatoka nasukuma baiskeli ambayo haipo, upepo wa ziwa unanisukuma kando. Nikasimama katikati, nikaipiga megafoni kofi kama mtoto mtukutu, nikaipuliza, nikaisikiliza, nikaipiga tena.

"Alo, alo, batu ba Uvira."

Hakuna aliyecheka. Hata kuku hawakulia. Moderateri akaja upesi. "Mama, tafadhali, tafadhali sana—"

Papa Kinyonga alikuwa na dawa ya watu kama hao. Nilimwangalia kuanzia viatu, nikapanda polepole mpaka miwani. Halafu nikagusa tai ambayo sina. Akagusa yake. Nikagusa tena. Akashusha mkono, nikashusha. Watoto walioketi kwenye ukuta wakapasuka kwanza. Kijana wa watu akarudi nyuma, na sauti ikatoka kwenye mkeka:

"Weye mwanaume! Tangu asubuhi uko wapi? Bugali imepoa!"

Mama Kinyonga alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Nilikuwa nasikiliza marafiki yangu, mama," nikasema kwenye megafoni. "Kumbe niko na marafiki mingi hivi! Na kinga nilisukuma peke yangu!"

Weeh. Ua mzima ulipiga kelele. Pasta alikuwa ameficha uso ndani ya Biblia, na Biblia ilikuwa inatikisika. Wale wa simu walisahau simu.

"Na sasa unaenda wapi bila kula?" mama akauliza. Alikuwa anacheka, lakini swali lilikuwa swali.

Nilisimama na kofia ya mtu, watu wote wananiangalia, na mkono wangu, sikuutuma, ukapanda mdomoni. Nikalamba kidole cha kati, taratibu.

"Kuko mama mumoja wa Katogota," nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ndogo, yake mwenyewe. "Ananingojea na kigoda. Anasema nilimuharibia upande ya kushoto."

Mama Kinyonga alinishika mkono akanisindikiza mpaka barabarani, mguu kwa mguu, kama inavyotakiwa. Nyuma yetu wanaume walinyanyua jeneza, na lilikuwa linayumba, kwa sababu waliobeba walikuwa bado wanacheka.

Leo asubuhi nimemkalisha Riziki katikati ya magoti nimsuke. Ana miaka minne. Tangu jana ananiangalia tumbo. Akaweka sikio.

"Mama, Papa Kinyonga amelala?"

Ningemweleza. Nitamweleza, sio leo. "Anakula," nikasema.

"Mwambie njo yeye anisuke. Si weye."

Mnajua nilifanya nini. Nikalipiga chanuo kofi, nikalamba kidole, nikasuka kwa mkono wa kukaza minyororo. Alipiga kelele za furaha na maumivu pamoja, akatoka mbio kwenda kujionyesha barabarani. Nikamsikia jirani juu ya ukuta:

"Riziki! Nani ameharibu kichwa yako hivi?"

Na binti yangu akajibu kwa majivuno yote:

"Marehemu."